Mwani: Ulimaji Wake na Kazi Zake katika Maabara



Leo nataka kuzungumza habari za mmea usio na mizizi, wala maua, wala punje ya kupandwa katika udongo, na juu ya hayo hulimwa na watu maelfu katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mmea huo ni mwani. Wanafunzi wangu watokao bara, wauonapo mara ya kwanza umetupwa ufukoni na mawimbi, huuita takataka ya bahari. Siwalaumu. Hata wenyeji wa pwani, isipokuwa wachache waliouokota miambani na kuwauzia wafanya biashara, hawakuwa na haja nao kubwa kwa muda wa miaka mingi.

Yafaa kwanza tujue ni kitu gani. Mwani hauli kwa mizizi kama mhindi au mpunga. Una kishikizo tu cha kuung'ang'aniza juu ya jiwe usichukuliwe na mkondo, na chakula chake huingia mwilini mwote kutoka katika maji yanayoupitia. Kwa sababu hiyo mkulima wa mwani hatafuti udongo mzuri. Atafuta maji mazuri, yenye chumvi, yenye mwendo wa kiasi na mwanga wa jua wa kutosha. Wataalamu huugawa mwani katika mafungu matatu kwa rangi zake: wa kijani, wa kahawia, na mwekundu. Lakini msikilizaji asidanganyike na jina: huo uitwao mwekundu mara nyingi machoni huonekana wa kijani au wa hudhurungi. Mwani wa Unguja na Pemba ulimwao kwa biashara ni wa fungu hilo jekundu.

Huenda mtu akauliza, ni nini kilichomo ndani yake hata ukanunuliwa na watu wa ng'ambo? Jawabu lake limo katika maisha ya mmea wenyewe. Mti wa nchi kavu hujenga mwili mgumu ili usimame. Mwani hauna haja ya kusimama, kwa kuwa maji huubeba. Haja yake ni kupindika pasipo kukatika mawimbi yaupigapo mchana na usiku. Kwa hiyo kuta za chembe zake zimejaa kitu laini cha kuteleza, ambacho ukikichemsha katika maji na kukiacha kipoe, maji yote huganda. Kitu hicho katika mwani mwekundu ulimwao kwetu huitwa karajenani. Katika jamaa nyingine za mwani mwekundu kuna agari, na katika mwani wa kahawia wa bahari za baridi kuna aljinati. Vitu hivi vitatu ndivyo vilivyoufanya mwani kuwa mali.

Kilimo chenyewe hakikuanzia kwetu. Zamani mwani wa biashara uliokotwa tu, na watu wakiokota kuliko unavyoota, huisha. Katika miaka ya 1960 na 1970, Maxwell Doty, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Hawaii, alishirikiana na watu wa Ufilipino kutafuta njia ya kuupanda. Mmoja wao alikuwa Vicente Alvarez, na jina lake limebaki hata leo katika jina la kitaalamu la mmea mmoja, *Kappaphycus alvarezii*. Mtanzania Keto Mshigeni alisoma huko Hawaii, akarudi Dar es Salaam, akawa akichunguza mwani wa pwani yetu na kuwaeleza watu kwamba waweza kulimwa hapa. Mwaka 1989 mashamba ya biashara yalianzishwa Paje na Jambiani, katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kutoka hapo kilimo kikaenea Pemba na sehemu za pwani ya bara.

Mbegu zilizoletwa ni za namna mbili, na wakulima wamezipa majina yao wenyewe, mazuri kuliko ya vitabuni. Mmoja ni mwani mwembamba, ambao wataalamu huuita *Eucheuma denticulatum*. Wa pili ni mwani mnene, ndio huo wa Alvarez. Mwembamba ni mvumilivu na bei yake ndogo. Mnene ni mwepesi wa kuugua na bei yake kubwa. Shida karibu zote nitakazozitaja baadaye zatokana na jambo hilo moja.

Sasa tutazame jinsi ulimwavyo. Mkulima huchagua mahali penye mchanga ndani ya mwamba, ambapo maji yakipwa hubaki machache ya kufunika magoti au pungufu. Hupigilia vigingi kwa safu, na kutoka kigingi hata kigingi hufunga kamba ya nailoni ya urefu wa mita 4 au 5. Juu ya kamba hiyo hufunga vipande vya mwani kwa nyuzi fupi ziitwazo taitai, kipande hata kipande nafasi ya shubiri moja hivi. Kazi hii haiwezekani kila siku. Hufanywa wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, bahari itokapo mbali na kuwaachia wakulima saa chache za kuinama. Wakati wa maji mafu shamba limefunikwa, hapana la kufanya. Basi kalenda ya mkulima wa mwani haiko ukutani, iko mbinguni, na asiyejua kuhesabu siku za mwezi hawezi kazi hii.

Mwani ukiwa na afya hukua upesi sana. Natoa hesabu ndogo kama nifanyavyo darasani. Tuseme kipande cha gramu 100 chaongezeka sehemu 5 katika mia kila siku. Baada ya siku 14 uzito wake umekuwa maradufu. Baada ya siku 28 umekuwa mara nne. Baada ya wiki sita umekaribia mara nane, yaani gramu 800. Katika hizo mkulima lazima arudishe gramu 100 kambani ziwe mbegu ya mara ya pili. Zimebaki 700. Lakini mwani hauuzwi mbichi. Huanikwa juani siku mbili au tatu, na kilo 7 mpaka 10 mbichi hukauka zikawa kilo 1 tu. Kwa hiyo vile vipande kumi alivyovifunga kimoja kimoja kwa vidole, akavitunza wiki sita, akavivuna na kuvibeba vichwani vingali vikitiririka maji, vyampa kilo moja kavu au pungufu. Kamba nzima yenye vipande ishirini haifiki kilo 2. Nani atashangaa kusikia kwamba wanaume wengi waliojiunga katika miaka ya kwanza walitazama bei, wakarudi katika uvuvi?

Wanawake hawakuacha. Katika Unguja na Pemba wakulima wa mwani wahesabiwa zaidi ya 20,000, na walio wengi sana ni wanawake. Katika vijiji vya pwani ya mashariki, mama aliyekuwa hana njia ya kupata fedha yake mwenyewe aliweza kulipa ada ya shule, kununua bati la nyumba, na kuwa na sauti katika mashauri ya nyumbani. Faida hiyo haionekani katika hesabu za forodhani, nami naiona kubwa kuliko nyingine zote. Bei yake lakini imelipwa kwa mwili: mgongo wa kuinama, macho ya kuumwa na mwanga wa jua juu ya maji, miguu ya kuchomwa na shokoa na mara nyingine kupigwa na taa.

Tuache pwani kidogo, tuufuate mwani kavu huko uendako, Denmark, Ufaransa, Marekani, China. Huko huoshwa, huchemshwa, na karajenani hutolewa. Karajenani ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo galaktosi, na juu ya mnyororo huo kumebandikwa vipande vya salfeti. Maji yakiwa ya moto minyororo hulegea na kuogelea ovyo. Yakipoa, minyororo husokotana miwili miwili kama kamba ya usumba, na katikati ya masokotano hayo maji hunaswa yasiweze kutoka. Ndiyo jeli. Sasa, mwani mnene hutoa karajenani ya namna ya kapa, yenye kipande kimoja cha salfeti kwa kila sukari mbili, na jeli yake ikitiwa chumvi ya potasiamu huwa ngumu, hukatika kwa kisu. Mwani mwembamba hutoa namna ya aiota, yenye vipande viwili, na jeli yake hupenda kalisi na huwa laini, ya kutikisika. Viwanda vingi vyataka ile ngumu. Hiyo ndiyo sababu mkulima wa mwani mnene hulipwa zaidi. Aliyepiga mswaki asubuhi ya leo kwa dawa ya meno ya kawaida, au aliyekunywa maziwa yenye kakao ambayo haikutuama chini, yamkini amekwisha kukutana na karajenani pasipo kujuana.

Lakini mazungumzo yangu sikuyakusudia kwa ajili ya dawa ya meno. Nataka kueleza kazi ya mwani katika elimu iitwayo siku hizi bayoteknolojia, yaani elimu ya kutumia viumbe hai, au sehemu zao, katika hospitali na viwanda.

Mwanzo wake mkubwa ulikuwa jikoni. Karibu na mwaka 1881, katika maabara ya Robert Koch huko Berlin, waganga walitafuta namna ya kuotesha vijidudu vya maradhi, kila aina peke yake, wapate kuvitazama. Walitumia jelatini, itokayo katika mifupa na ngozi za wanyama. Jelatini ilikuwa na aibu mbili. Kwanza, vijidudu vya mwili wa binadamu hupenda joto la nyuzi 37, na kwa joto hilo jelatini huyeyuka. Pili, vijidudu vingine huila hata ikawa maji. Mmoja wa wanafunzi wa Koch alikuwa Walther Hesse, na mkewe, Fanny Angelina Hesse, mzaliwa wa New York, alimsaidia kazi na kumchorea picha za vitabu. Mama huyu alitumia nyumbani agari kugandisha vyakula vyake vitamu, maana alikuwa amefundishwa na jirani aliyepata kukaa Java, ambako watu wameijua tangu zamani. Akamwambia mumewe aijaribu. Agari ikisha kuganda haiyeyuki mpaka ifikie nyuzi 85 hivi, na vijidudu vinavyoweza kuila ni vichache mno. Mwaka 1882 Koch alitangaza kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu, na katika maandiko yake aliitaja agari. Jina la Fanny Hesse hakulitaja. Mwaka 1887 Richard Petri akaleta kile kisahani cha kioo chenye kifuniko, na tangu siku hizo mpaka leo, mgonjwa akitoa mkojo au damu hospitalini ili vijidudu vioteshwe, aghalabu huoteshwa juu ya mwani.

Nchi zilipata kutambua thamani ya jambo hili zilipolikosa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia agari nyingi ilitoka Japani. Japani ilipoingia vitani mwezi Desemba 1941, Waingereza, Wamarekani na watu wa New Zealand walikimbilia pwani zao wenyewe kutafuta mwani wa kutosha kwa hospitali zao. Tena mwaka 2015 Morocco, nchi itoayo sehemu kubwa ya mwani wa agari ya maabara, ilikuwa imepunguza mauzo yake ya nje ili mwani usiishe, na maabara za nchi tajiri zikapata upungufu na bei kupanda. Pwani yetu pia yaota mwani wa jamaa ya *Gracilaria*, mmoja wa ile itoayo agari. Nadhani neno hili lastahili kuwekwa akilini na vijana wanaosoma sayansi.

Ukiisafisha agari zaidi wapata agarosi, na kazi yake ni ya ajabu. Ndani ya kila kiumbe mna DNA, ambayo ni kama kitabu cha nasaba yake. Mtaalamu akitaka kuisoma huikata vipande, huvitia katika vitundu vya ubao mwembamba wa jeli ya agarosi, kisha hupitisha umeme. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo huvutwa kuelekea upande chanya. Jeli ni kama wavu wenye matundu madogo sana: vipande vifupi hupenya upesi vikatangulia, virefu hukwama kwama vikabaki nyuma. Baada ya muda huonekana mistari, kila mstari kwa urefu wake. Kwa njia hii hutambuliwa maradhi, na wezi, na baba wa watoto.

Karajenani nayo ina kazi yake. Huko Japani kampuni ya Tanabe Seiyaku ilikuwa ikitumia bakteria kutengeneza asidi iitwayo aspatiki. Shida yao ilikuwa hii: bakteria wakiisha kufanya kazi huchanganyika na kile walichokitengeneza, na kila mara lazima waotesheni wengine. Mwaka 1973 waliwafunga bakteria ndani ya jeli iliyotengenezwa kwa kemikali, na mwaka 1978 wakaiacha hiyo wakachukua karajenani ya kapa, kwa kuwa ilikuwa pole zaidi kwa viumbe hao na kazi ikadumu zaidi. Bakteria hukaa ndani ya vidonge vya jeli kama samaki katika dema; malighafi huingia, asidi hutoka, bakteria hubaki. Aljinati ya mwani wa kahawia hufanya vivyo hivyo. Ukiidondosha katika maji yenye chumvi ya kalisi, kila tone hugeuka kuwa punje ngumu papo hapo. Aljinati hutumika pia katika bendeji za vidonda vitokavyo maji, na mganga wa meno huitumia kupata umbo la kinywa cha mgonjwa.

Turudi sasa Unguja, maana huko si kuzuri. Tangu mwaka 2001 mwani mnene ulianza kufa katika sehemu nyingi ulikokuwa ukiota vema. Matawi hupauka, huwa meupe kama barafu, kisha hukatika na kuchukuliwa na maji. Wakati mwingine mimea midogo kama nywele huota juu yake na kuunyonga. Sababu kubwa ni joto. Mwani huu hupenda maji yasiyozidi nyuzi 30 hivi, na katika vidimbwi vya pwani, jua la utosini na maji yamekupwa, joto laweza kufika nyuzi 35 au zaidi. Wanawake wengi wamebaki na mwani mwembamba peke yake, yaani kazi ile ile kwa malipo madogo. Katika vijiji vingine, kama Paje, hoteli nazo zimeutaka ufuko ule ule ambao wakulima huanika na kupita.

Kuna sababu nyingine iliyojificha, na anayelima muhogo ataielewa upesi. Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na kila mche ni mwili ule ule wa mche wa kwanza. Ndiyo maana batobato likiingia shambani huenda na mbegu kila iendako. Mwani wetu vivyo hivyo. Tangu 1989 umekatwa, ukafungwa, ukakatwa tena, mara mia na zaidi, wala hapana kizazi kipya kilichozaliwa. Ugonjwa uupatao mmoja hauna sababu ya kumwacha mwenziwe. Wataalamu waliosoma DNA ya mwani huo wamethibitisha kwamba ule ulimwao una asili ya Asia, lakini wameona pia kwamba katika miamba yetu ungaliko mwani wa porini wa jamaa hiyo hiyo wenye nasaba yake mbali. Huo umezoea bahari hii tangu zamani. Kuujaribu, kuuchagua, kuuzalisha katika maabara hata kupata mbegu zivumiliazo joto, ni kazi ya miaka mingi, tena yataka fedha, na inafaa ifanywe hapa kabla mwani huo wa porini haujapotea.

Wakati huo wakulima hawawezi kungoja. Dada Flower Msuya, mtafiti aliyekuwa katika Chuo cha Sayansi za Bahari cha Unguja, amefanya kazi nao miaka mingi, na kutoka mwaka 2006 kumekuwa na chama cha ushirikiano kati ya wakulima, watafiti na wafanya biashara. Wanawake wamejifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka, wapate kuuza kitu kilichokwisha, wasiuze kilo kavu tu kwa bei ipangwayo mbali. Jambo jingine alilolishughulikia ni kupanda mwani mnene katika maji ya kina, ambako joto ni pungufu. Vipande hutiwa ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mifuko mirefu, mawimbi yasiweze kuvikata, na nyavu huelea kwa maboya. Mwani huota vema huko. Lakini huko hakufikiki kwa miguu. Kwataka mashua na mtu wa kuiendesha, na wengi wa wanawake hawa, waliofanya kazi baharini miaka thelathini, hawajui kuogelea. Kwa hiyo katika vijiji vingine mafunzo ya kilimo cha kina yameanza kwa kumfundisha mama kuelea juu ya maji.